Kidatu Kipupwe Kinapoaga: Somo la Majira Yasiyo na Jina Kitabuni

Wanachuo wenzangu, na hasa ninyi mnaosomea ualimu kama mimi, kila mwaka kati ya Julai na Oktoba tunakuwa sehemu moja kati ya mbili. Ama tuko mazoezi ya kufundisha, ama tuko nyumbani likizo ndefu tunasubiri chuo kifunguliwe na bumu lisome. Sasa hiyo ndiyo miezi ambayo nchi yetu inabadilika sura kuliko miezi mingine yote: baridi inaondoka, joto linaingia, miti inachipua kabla hata ya tone la mvua. Na bado ni miezi ambayo karibu hatuifundishi kabisa. Tunafundisha masika, tunafundisha vuli, katikati tunaruka.

Makala hii ni somo kuhusu huo mruko. Nimechukua mfano wa Kidatu, kwa sababu ndiko kwetu, lakini ukiwa unatoka Mahenge, Songea au Kigoma utaona mengi yanafanana. Ukimaliza kusoma uwe na uwezo wa kufanya mambo matatu: kueleza kwa nini kipupwe kinaisha, kutaja dalili za mabadiliko hayo kutoka mazingira ya mwanafunzi mwenyewe, na kuandaa kipindi kimoja cha dakika 40 bila kuhitaji kifaa chochote cha kununua. Jambo la nne silo la silabasi, ila nitalisema: raha ndogondogo za miezi hii ni sehemu ya somo. Siyo mapambo.

1. Tatizo linaanzia kwenye tafsiri

Mdogo wangu wa darasa la sita aliwahi kuniletea daftari lenye orodha hii: winter ni kipupwe, spring ni masika, summer ni kiangazi, autumn ni vuli. Chini yake ameandika kwamba spring ni wakati ambapo baridi inaisha, maua yanachanua na watu wanafurahi kutoka nje. Akaniuliza, "Dada, masika gani hayo? Mbona masika kwetu ni matope na mbu?"

Swali zuri sana. Tuliangalie vizuri, maana orodha ile tuliikariri wengi wetu, na kuna wanaokwenda kuiandika ubaoni mwaka huu.

Aliyelinganisha alitazama kalenda. Ulaya, machipuko yanaanza Machi mpaka Mei. Kwetu Machi mpaka Mei ni masika. Basi akaunganisha. Lakini Ulaya iko kaskazini ya ikweta na sisi tuko kusini. Machi jua linawaendea wao na linatuacha sisi. Septemba linawaacha wao na linatujia sisi. Wakati majani yanadondoka London, kwetu ndipo yanapochipua. Kwa hiyo kama kuna kipindi cha mwaka kinachokaribiana na machipuko, ni hiki cha mwisho wa Agosti mpaka mwanzo wa Novemba. Masika hayahusiki.

Watu wa Kidatu wana mfano mzuri wa jambo hili mlangoni kwao. Kidatu ndipo reli mbili zinapokutana: reli ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067, na tawi linalotoka Kilosa kwenye Reli ya Kati, lenye upana wa milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, hata kiganja hakijai. Lakini behewa la huku haliwezi kusukumwa likaendelea kwenye reli ya kule. Mzigo lazima ushushwe na upakiwe upya. Majira nayo ni hivyo hivyo. Huwezi kulisukuma neno la Ulaya likaingia kwenye reli yetu kwa sababu yanaonekana kulingana. Shusha mzigo kwanza: ni miezi gani, jua liko wapi, mvua ipo au haipo, miti inafanya nini? Ndipo upakie.

Jambo la kushangaza ni kwamba Kiswahili chenyewe kina neno la kipindi hiki. Wavuvi na mabaharia wa pwani wanakiita demani: ni mwisho wa kusi, upepo unapoanza kulegea, kuanzia Agosti mwishoni mpaka kaskazi haijaingia. Neno lipo kwenye kamusi, lakini darasani hulisikii. Wenyeji wa pwani walikuwa wakihesabu mwaka wao kwa miongo, yaani makumi ya siku, kuanzia siku ya Nairuzi, na mpaka leo Makunduchi, Unguja, wanasherehekea Mwaka Kogwa mwezi Julai. Asili ya sikukuu hiyo ni Nairuzi ya Waajemi, ambayo kwao ni sikukuu ya machipuko. Hesabu ya zamani ilikuwa ya siku 365 bila siku ya nyongeza kila baada ya miaka minne, kwa hiyo tarehe ikawa inasogea. Unaona basi: neno na sherehe vilisafiri baharini, vikashushwa, vikapakiwa upya kufuata mambo ya hapa. Hiyo ndiyo tafsiri.

2. Kinachotokea juu: somo la fimbo

Hapa nawaomba walimu wa sayansi ya jamii msikimbie. Hesabu ni ndogo.

Kidatu iko nyuzi 7 na ushee kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la mchana haliko utosini kwetu, liko upande wa kaskazini. Ndiyo maana mionzi inakuja kwa mshazari, ardhi haipati moto wa kutosha, na asubuhi unamwona mtu anatembea amejikunyata kama kifaranga. Ukisimika fimbo ya mita moja kwenye uwanja tambarare, kivuli chake cha mchana tarehe 21 Juni kitakuwa na urefu wa sentimita 60 hivi, kikielekea kusini. Mwezi mmoja baadaye ni kama sentimita 54. Tarehe 21 Agosti ni kama 36. Tarehe 23 Septemba, siku jua linapovuka ikweta, ni 14 tu. Na kati ya tarehe 12 na 14 Oktoba kivuli kinatoweka: jua liko utosini kabisa. Kwa Dar es Salaam hilo linatokea siku mbili tatu kabla, kwa Ifakara siku moja hivi baadaye.

Angalia namba hizo tena: 60, 54, 36, 14, sifuri. Mwezi wa kwanza kivuli kimepungua sentimita 6 tu. Baadaye kinapungua zaidi ya 20 kwa mwezi. Ndiyo maana watu wanasema baridi ya mwaka huu imeondoka ghafla. Kila mwaka inaondoka ghafla. Jua linapokuwa kwenye kona yake ya kaskazini linakaa sana, likishaanza kurudi linakimbia.

Halafu baada ya katikati ya Oktoba kivuli kinageuka na kuelekea kaskazini, mpaka sentimita 28 hivi tarehe 22 Desemba. Mtoto aliyepima mwenyewe kivuli kikigeuka hahitaji tena kukariri kwamba jua liko kusini. Amekiona.

Angalizo dogo la kitaalamu: kivuli kifupi kabisa hakitokei saa sita kamili. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Kidatu iko karibu na nyuzi 37. Kwa hiyo Septemba kivuli kifupi kinapatikana kama saa sita na dakika 25 mchana, na Oktoba kama saa sita na dakika 18. Ukipima saa sita kamili utakosa kidogo, halafu watoto watadhani kitabu kinadanganya.

Na angalizo la pili: mtoto asitazame jua. Tunatazama kivuli tu.

Sasa linganisha na wenzetu. London, siku fupi ya Desemba ina mwanga chini ya saa 8, na siku ndefu ya Juni ina zaidi ya saa 16. Kidatu tofauti kati ya siku fupi na siku ndefu haifiki hata saa moja. Ndiyo maana mtu wa Ulaya machipuko yakifika anashangilia mwanga wenyewe, ananyanyua uso juani na kufumba macho. Sisi mwanga tunao mwaka mzima. Sisi ikifika Oktoba tunashangilia wingu. Furaha zote mbili ni halali, lakini ukimfundisha mtoto wa Kidatu furaha ya mwenzake tu, atadhani yake siyo furaha ya kuandikwa.

3. Kinachotokea chini: dalili tano

Dalili ya kwanza ni miti. Panda gari kutoka Mikumi kuja Kidatu mwishoni mwa Septemba. Nyasi ni kavu, vumbi limejaa, mvua haijanyesha kwa miezi. Lakini vilimani miombo imevaa majani machanga, mengine mekundu, mengine rangi ya shaba, kama imepakwa rangi. Inapata wapi maji? Mizizi yake inakwenda chini sana na shina limehifadhi unyevu. Na ule wekundu ni kinga ya jani changa dhidi ya jua kali kabla halijakomaa likawa kijani. Miti hii haisubiri mvua ndipo ichipue. Inaitangulia.

Dalili ya pili ni mwembe. Maua yake yalitoka kipupwe. Septemba na Oktoba vinaonekana viembe vidogo, na upepo ukivuma vinadondoka vingi. Watoto wanavikusanya, wanavipondaponda na chumvi na pilipili. Mama anagomba kwamba mtaumwa tumbo, halafu anaonja.

Dalili ya tatu ni ndege. Mbayuwayu wanaotoka Ulaya wanaanza kufika Septemba na Oktoba. Wanakimbia baridi inayoingia kwao, nasi tunawapokea baridi ikiwa imetuaga. Utawaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme kama noti za muziki. Ndege mmoja anafundisha dunia nzima ilivyo: machipuko yetu na majani kudondoka kwao ni jambo moja lenye pande mbili.

Dalili ya nne ni muwa. Bonde letu ni la miwa, na msimu wa kukamua unaanza mvua zikikatika katikati ya mwaka. Hiyo siyo kwa bahati. Muwa ukipata joto na maji mengi unarefuka. Ukipata baridi na ukavu unaacha kurefuka na kuweka sukari shinani. Kwa hiyo muwa wa Agosti na Septemba ni mtamu kwa sababu ya kisayansi, siyo kwa sababu ya njaa yako. Mvua kubwa zikirudi magari hayaingii tena mashambani na utamu nao unashuka.

Dalili ya tano ni majivu. Mashamba mengi ya miwa yanachomwa kabla ya kuvunwa ili majani yapungue, na jioni utaona moshi mzito unapanda, kisha majivu meusi yanashuka taratibu kama manyoya. Kidatu hatuna theluji, tuna hiyo. Ukianika shuka jeupe siku wanayochoma, utaanua shuka lenye madoadoa. Kila mama wa huku anajua kunusa hewa kabla ya kufua, na kuna utani kwamba msichana asiyejua kusoma moshi hajawa tayari kuolewa. Mimi naona ni maarifa ya hali ya hewa: unahitaji kujua upepo unatoka wapi na saa ngapi utageuka.

4. Raha ndogondogo

Sasa tufike penye uhondo. Mwalimu akiingia kijiji kigeni kwa ajili ya mazoezi, mara nyingi anaona mapungufu tu: umeme umekatika, mtandao unasuasua, msosi ni ule ule. Namshauri aanze kuorodhesha raha, kwa sababu raha za watu zinakuonyesha wanachokijua.

Kipupwe asubuhi watu wanaota moto. Mafiga hayajapoa, majirani wanakuja mmoja mmoja, na habari zote za mtaa zinapita pale kabla ya saa moja. Vitumbua vya mchele vinatoka kwenye kikaango, vya moto, unashika kwa kurusharusha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kuelekea mwisho wa Agosti lile duara la moto linaanza kupungua watu. Hakuna anayetangaza. Siku moja unaona wamebaki bibi na paka.

Halafu kuna siku moja kwa mwaka, huwezi kujua itakuwa lini, unamwagia maji ya ndoo mwilini bila kuyachemsha, na hushtuki. Siku hiyo kwangu ndiyo mwaka mpya.

Kuna wali wa mchele mpya. Mpunga umevunwa kati ya Mei na Julai, umekaushwa, umekobolewa. Ukipika mchele mpya wa Supa, jirani wa nyumba ya tatu anajua. Mchele mpya unataka maji kidogo kwa sababu bado una unyevu wake, ukikosea unapata bokoboko. Wa zamani unavimba zaidi na kuchambuka. Ukipata na kitoga au perege wa mtoni, ndugu yangu, usiongee na mtu.

Kuna kukaa nje jioni. Milima ya Udzungwa iko upande wa magharibi, kwa hiyo jua linajificha nyuma yake mapema, anga bado ina mwanga lakini uani kumeshapoa. Usiku ukiingia hewa nzito ya baridi inateremka kutoka mlimani kuja bondeni. Mikeka inatandikwa, wazee wanacheza bao, redio inanong'ona, na kwa mbali unasikia treni ya TAZARA ikipiga honi. Septemba ndiyo inafaa kabisa: Juni ni baridi, Desemba ni mbu na mvua.

Na kuna sherehe. Mavuno yameshaingia, barabara ni kavu, hela ipo kidogo. Nane Nane ikipita, harusi zinafuatana Jumamosi kwa Jumamosi, na kwa Wandamba na Wapogoro ngoma ya sangula inasikika. Darasa la saba wakimaliza mtihani wao mwezi Septemba, utawaona wanatembea kwa makundi bila haraka, hawana daftari mkononi, hawajui wafanye nini na mikono yao.

5. Raha hizi zina bei yake

Ningeishia hapo ingekuwa makala ya kujisifia kwetu. Lakini mwalimu anapaswa kuuliza swali linalofuata: raha ya Septemba inakaa wapi? Bibi yangu jibu lake ni fupi. Siku moja nilimkuta ghalani anahesabu magunia kwa kuyagusa kwa kiganja.

"Shikamoo bibi. Unahesabu kila wiki, yataongezeka?"

"Marahaba mjukuu wangu. Hayaongezeki. Nahesabu ili nisije nikaalikwa na wenye lori nikasahau."

Wenye lori ni wanunuzi wanaokuja mara tu baada ya mavuno. Mpunga ni mwingi, bei iko chini, na mahitaji yote yamekuja pamoja: madeni ya mbolea, sare, harusi ya binamu, simu mpya. Tufanye hesabu ya darasani, siyo bei za soko la leo. Tuseme familia ya watu sita imevuna magunia 20 mwishoni mwa Juni, na kwa wastani inakula gunia moja la mpunga kwa mwezi. Mpaka mavuno mengine inahitaji magunia 12. Yanabaki 8 ya kuuza, kulipa madeni na kutenga mbegu. Sasa tuseme wameuza na kutoa 14 kwa sababu Septemba ilikuwa tamu. Yamebaki 6. Desemba ikiisha, ghala ni la panya.

Na Desemba siyo mwezi wa kukosa chakula. Mvua zimeanza, shamba linataka jembe na mbegu, na kazi ni nzito kuliko miezi yote. Kuanzia Januari familia ile itanunua magunia 6. Kama iliuza kwa shilingi 60,000 na inanunua kwa 100,000, imepoteza 240,000. Nyingine zinakopa kwa ahadi ya kulipa kwa mpunga ambao haujavunwa, na hapo mduara unaanza upya: Juni ikifika, sehemu ya mavuno ni ya mtu mwingine tayari.

Kuna gharama nyingine ambayo sisi walimu inatugusa moja kwa moja. Mashamba ya mpunga mengi yako mbali, ndani bondeni. Mvua zikianza, familia nyingi za bonde hili zinahamia huko kwa wiki au miezi, kwenye vibanda na madungu, kulima na baadaye kulinda mpunga na ndege. Mtoto anaweza kwenda nao, au kubaki kijijini na kaka yake wa miaka kumi na mbili. Vyote viwili vinaonekana kwenye daftari la mahudhurio. Kwa hiyo Septemba na Oktoba, miezi hii isiyo na jina kitabuni, ndiyo miezi ambayo darasa limejaa, tumbo lina kitu na mtoto ana usingizi wa kutosha. Tukiipoteza kwa kunakili ubaoni orodha isiyo sahihi, hatutaipata tena Februari.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea akilalamikia shule inayomtenga mtoto na jamii anayotoka. Wengi wetu tumeijibu kwenye mtihani. Swali la kweli ni kama tunaweza kuijibu kwa fimbo ya mita moja na hesabu ya magunia.

6. Kipindi chenyewe

Hiki hapa kipindi cha dakika 40, unaweza kukibadilisha kulingana na darasa lako. Vifaa ni fimbo moja iliyonyooka ya mita moja (watoto wakiiona watatulia ghafla, wahakikishie kwamba ya leo siyo ya kuchapa), rula, kamba na kipande cha chaki. Kipange kipindi kianze saa sita na dakika 10 mchana.

Utangulizi, dakika 5. Waulize: kitu gani mwezi huu unakifanya ambacho mwezi wa sita ulikuwa hukifanyi? Usisahihishe jibu lolote. Kuoga maji baridi, kulala bila blanketi, kula viembe, yote andika ubaoni.

Maarifa mapya, dakika 15. Toka nje, simikeni fimbo, mmoja ashike kamba, mmoja apime, mmoja aandike. Pimeni kila baada ya dakika tano na kuchukua kivuli kifupi kuliko vyote. Wape na zile namba za Juni, Julai na Agosti, wachore mistari yake kwa chaki kwenye sakafu, wapange kwa urefu. Waache waseme wenyewe kivuli kinakwenda wapi.

Kuimarisha maarifa, dakika 10. Rudini ubaoni. Kila jambo waliloorodhesha waliunganishe na kivuli. Kwa nini muwa ni mtamu sasa? Kwa nini duara la moto limepungua? Hapa ndipo pa kulitaja neno demani, na kueleza kwa nini masika siyo machipuko.

Tafakari, dakika 5. Hesabu ya magunia. Weka namba za kubuni, usitumie za familia ya mtoto yeyote darasani, maana njaa ya mtu siyo mfano wa ubaoni.

Hitimisho, dakika 5. Kazi ya nyumbani: muulize babu, bibi au mzee wa mtaa, kipindi hiki cha mwaka kwa lugha yake kinaitwaje na kinatambulika kwa nini. Kidatu peke yake, kwa vile watu walikuja kutoka kila kona kufanya kazi za miwa, bwawa la umeme na reli, darasa moja linaweza kurudi na majina saba.

7. Maswali ya kujipima

Kwanza, eneo unalotoka liko nyuzi ngapi kusini ya ikweta, na jua litakuwa utosini lini? Pili, taja dalili tatu za kipupwe kuisha ambazo mtoto wa kwenu anaweza kuziona bila kitabu. Tatu, tafuta neno moja la majira ambalo wazee wa kwenu wanalitumia na wewe hukuwahi kuliandika popote. Nne, kwa hesabu ile ya magunia 20, kama familia imepata mgeni mmoja wa kudumu na ulaji umepanda kwa gunia moja kila baada ya miezi sita, wanapaswa kubakiza mangapi?

Jibu la swali la nne ni 14. Majibu ya matatu ya kwanza hayamo kwenye makala hii, yamo kwenu. Mkitawanyika mwaka huu kwenda vituo vyenu vya mazoezi, nendeni mkayatafute. Mkiyapata, yaleteni tuyachape kwenye toleo lijalo, kila mkoa na majira yake.